Mia Nne na Kitu

Treni ya jana jioni
imeondoka Tabora leo saa tatu asubuhi.
Sikulalamika. Asali ya mama, lita tano,
nimeibana kati ya miguu
kama mtoto wa mwenyewe.

Simu ikalia stesheni ikingali inaonekana.
Gwimile, mdogo wangu, yuko Amsterdam:
"Dada, ndio napanda ndege. Paris, kazi ya siku mbili."
Ni mbali?
"Kilomita mia nne hivi. Hewani saa moja na robo."

Mia nne hivi.
Reli hii nayo, Tabora hadi Kigoma,
ni mia nne na kitu.
Hicho kitu ndicho kinachotukalisha.

Usoke, karanga za kuchemsha dirishani.
Urambo, kijana akashuka kununua maji,
akarudi na mke, begi la bati na kuku wawili,
nasi tulikuwa hatujaondoka.
Hapo ukaingia ujumbe:
"Tumechelewa kuruka dakika kumi na mbili.
Watu hawa hawajali muda wa wenzao."

Nilicheka peke yangu hadi fundi cherehani
aliyeketi mbele yangu, Ntabindi, akataka kujua.
Nikamsomea. Akaniomba nirudie, pole pole,
kisha akasimama akalitangazia behewa zima.
Dakika kumi na mbili!
"Mpe pole," akasema mama mmoja wa Kaliua,
"mwambie huku tunamwombea."

Usinge tukangoja treni inayotoka bara la mbele,
tukaingoja hadi kivuli cha behewa
kikahama upande.
Mtandao nao ukafa, pori likabaki pori.

Nguruka simu ikatetemeka mara tatu:
Nimefika.
Nimeshakula.
Mbona kimya?

Neno "nimefika" lilikuwa limesafiri
kwa muda mrefu kuliko aliyelituma.

Nikampigia mama, Gungu.
"Huyo mwanangu ana uongo," akasema.
"Kanipigia anapanda, nikainjika maharage.
Kanipigia ameshuka, maharage hata ganda halijalegea.
Nikamwambia, Gwimile, hujaondoka wewe,
umezunguka nyumba tu."

Malagarasi, maji mapana chini ya daraja,
hakuna aliyesema neno.
Mimi nilikuwa nahesabu.
Baba alipofariki, tulimweka siku nne
tukimngoja Gwimile.
Nauli alikuwa nayo. Ndege zilikuwepo.
Karatasi zake zilikuwa juu ya meza ya mtu
na mtu huyo alikuwa likizo.
"Nikitoka leo, dada, sirudi ndani."
Siku ya tano tukafukia.

Sasa anayo karatasi, ya kuishi, si ya kuzunguka sana,
na anasema kati ya Amsterdam na Paris
hakuna anayekuuliza kitu.
Unapanda, unashuka, unakwenda zako.
Mia nne bila swali hata moja!
Ningependa kuziona kilomita hizo.
Ningependa kuzigusa kwa mkono,
nijue zimefumwa kwa uzi gani.

Uvinza, chumvi kwenye vifuko.
Nikanunua miwili, sijui kwa nini miwili.
Kazuramimba giza lilikuwa limeshaingia,
Ntabindi amelala mdomo wazi
na dakika zake kumi na mbili.

Kigoma, saa tatu na ushei usiku,
harufu ya dagaa imetangulia taa.
Mama mlangoni, kanga mabegani,
hakuuliza habari za Tabora.
"Umechukua muda gani?"
Saa kumi na mbili, mama, bila kuhesabu jana.
"Na yeye?"
Saa moja na robo.

Akafunua chungu. Maharage yalikuwa yameiva,
yakapoa, yakapashwa, yakapoa tena,
yameshikana chini kama udongo mzuri.
"Basi wewe ndiye uliyetoka mbali," akasema,
akanipakulia ya chini.